Bahati si Kanuni: Ndege ya Tu-22 na Somo Lililoachwa Kagera

Miongoni mwa visa vya Vita vya Kagera kuna kimoja ambacho aghalabu husimuliwa kwa kicheko. Mwishoni mwa Machi 1979, ndege kubwa ya mabomu ya Libya, aina ya Tupolev Tu-22, ilitumwa kuyachoma matangi ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yake hayakuyagusa matangi hayo. Yaliangukia kisiwa cha Saanane, mahali palipotengwa kwa ajili ya wanyama, yakaua swala na viumbe wengine ambao hawakuwa na habari ya ugomvi wa Kampala wala wa Tripoli. Msimulizi hukomea hapo, wasikilizaji hucheka, na mazungumzo yakahamia kwenye jambo jingine.

Taifa lililoponea chupuchupu lina haki ya kucheka. Hata hivyo, kicheko kikiwa ndicho mwisho wa somo, hasa katika shule za Bukoba na Muleba ambazo wazee wa jirani waliishuhudia vita ile kwa macho yao, kuna jambo kubwa linalofunikwa. Bomu linalokosa shabaha hukosa kwa sababu za kimaumbile, na sababu hizo zinaweza kuandikwa ubaoni kwa hesabu za shule ya sekondari. Ndege za aina ile ile zilipata shabaha zao mahali pengine pa Afrika miaka michache baadaye. Anayecheka bila kupiga hesabu huichukua bahati akaiweka mahali pa kanuni, na hilo ni kosa ambalo mwalimu wa sayansi hapaswi kulivumilia darasani mwake.

Yafaa kwanza ndege yenyewe ijulikane. Tu-22 ilizaliwa katika ofisi ya usanifu ya Andrei Tupolev, mmoja wa wabunifu wakuu wa ndege wa Umoja wa Kisovieti. Mfano wa kwanza uliruka Juni 1958. Mwaka 1961 ilionyeshwa hadharani huko Tushino, Moscow, na mwaka uliofuata ikaanza kuingia jeshini. Kiwanda cha Kazan kiliunda jumla ya ndege 311 za namna mbalimbali mpaka kilipoacha mwaka 1969. Urefu wake ulizidi mita 41, zaidi ya theluthi moja ya uwanja wa mpira, ilhali mabawa yake kutoka ncha hadi ncha hayakufika mita 24. Iliweza kubeba tani 9 za mabomu, na mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kiasi cha kilomita 1,500 kwa saa. Ilikuwa ndege ya kwanza ya mabomu ya Kisovieti iliyoundwa kwa wingi ikiwa na uwezo wa kuipita sauti.

Injini zake mbili ziliwekwa mahali pasipo pa kawaida: juu ya mkia, moja kila upande wa pezi lisimamalo wima. Wabunifu walitaka mabawa yabaki safi ili hewa ipite bila kizuizi, na umbo lote lichongoke kama msumari wa fundi viatu. Umbo hilo lilikuwa na gharama. Bawa jembamba lililorudi nyuma sana hufaa kwa mwendo mkali, lakini kwa mwendo mdogo halina nguvu ya kutosha ya kuinua mzigo. Ndiyo sababu Tu-22 ililazimika kutua kwa mwendo wa kilomita 300 na zaidi kwa saa. Njia ya kurukia iliyotosha ndege nyingine haikuitosha hii, na rubani aliyekosea kidogo hakupata nafasi ya pili.

Ubaya zaidi ulikuwa katika viti vya kujiokolea. Ndege ilichukua watu watatu: rubani, mwongoza njia na mwendesha silaha. Viti vyao viliwarusha kuelekea chini. Hitilafu nyingi za ndege hutokea wakati wa kuruka au kutua, yaani karibu na ardhi, na hapo kiti kilikuwa kikimpeleka mtu udongoni kabla mwavuli haujafunguka. Katika maisha yake yote, ajali ziliteketeza zaidi ya ndege 70 za aina hii. Vita havikuifikia hasara hiyo. Wanaanga wa Kisovieti walikuwa na mzaha wao juu yake. Mitambo yake ya kupooza hewa ilitumia mamia ya lita za maji yaliyochanganywa na spiriti, nao wakaibandika jina la gari la pombe. Haihitajiki elimu ya juu kukisia ni kwa nini baadhi ya mafundi waliipenda licha ya ubishi wake.

Nje ya Umoja wa Kisovieti, nchi mbili tu ziliinunua: Iraki na Libya. Zote zilikuwa na mafuta, fedha, na majirani waliotakiwa kuogopeshwa. Lakini tangu 1969 kiwanda kilikuwa kimeacha kuunda ndege hizo. Kila kipuri, kila kitabu cha matengenezo na sehemu kubwa ya ujuzi ilibaki kule ndege ilikotoka. Chombo kilichonunuliwa hivyo ni kama saa ya ukutani iliyopewa mtu asiye na ufunguo wake: itakwenda kwa muda, na fahari ya kuwa nayo itadumu kuliko majira yake. Jambo hili halikuwa la Libya peke yake. Nchi nyingi changa za miaka ile zilipima nguvu kwa idadi ya ndege zilizopita juu ya jukwaa siku ya gwaride, na chache zilihesabu mafundi.

Sasa turejee Ziwa Victoria. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera mpaka mpakani. Mkoa huo wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulilipata mwaka 1979, vita ikiwa imebadili maana ya mto ule katika fikra za Watanzania. Kufikia Machi 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa limewafukuza wavamizi, likavuka mpaka, na huko Lukaya likakutana na askari wa Uganda waliokuwa pamoja na askari wa Libya. Muammar Gaddafi aliitaka Tanzania iondoe majeshi yake Uganda upesi, la sivyo Libya ingeingia vitani waziwazi. Mwalimu Nyerere hakutishika. Ndipo Tu-22 ilipotokea juu ya Mwanza, tarehe 29 Machi.

Mwanza ilichaguliwa kwa akili. Reli ya kutoka Dar es Salaam huishia pale. Kutoka pale shehena huvuka ziwa kwa meli hadi Bukoba, au huzunguka kwa malori kupitia Geita na Biharamulo, ikapanda Muleba na kuendelea kaskazini. Katika nchi ambayo kila lita ya petroli ilisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, tangi la mafuta la Mwanza lilikuwa na thamani kuliko kikosi kizima cha vifaru. Lori lililosimama Muleba bila dizeli lisingemfikishia askari wa mbele chakula wala risasi. Kwa hiyo mabomu ya Saanane hayakuwa habari ya Mwanza tu. Yalilenga barabara ya Muleba na gati la Bukoba, ingawa hakuna hata kipande cha chuma chake kilichoanguka huko.

Bukoba yenyewe ilikuwa imekwisha kuonja. Oktoba 1978, kabla ya uvamizi mkubwa wa nchi kavu, ndege za kivita za Uganda aina ya MiG ziliushambulia mji huo. Uharibifu wa majengo haukuwa mkubwa, lakini vioo vya madirisha vilipasuka, watu wakaingiwa na hofu kuu, wakaanza kuuhama mji. Mwanafunzi anayesoma habari hii katika somo la historia huambiwa kwamba watu waliogopa. Katika somo la fizikia angeweza kuulizwa swali la maana zaidi: bomu ambalo halikuigusa nyumba lilipasuaje kioo chake? Mlipuko husukuma hewa, na msukumo huo husafiri kama wimbi. Wimbi likiongeza kanieneo ya hewa kwa kilopaskali 1 tu, ambayo ni sehemu moja tu katika mia ya kanieneo ya kawaida, kioo chenye eneo la mita 1 ya mraba hupokea kani ya nyutoni 1,000. Hiyo ni sawa na gunia la kilo 100 kuegemezwa juu ya kioo hicho kwa ghafula. Kioo kikubwa chenye fremu dhaifu hakiwezi kustahimili.

Hofu nayo ina hesabu yake. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa hupita mita 250 kila sekunde. Sauti hupita mita 340 hivi. Tuseme ndege iko kilomita 10 kutoka mjini. Sauti inayotoka pale itafika baada ya sekunde 29, na ndege yenyewe itafika baada ya sekunde 40. Mama aliye sokoni ana sekunde 11 tangu asikie mngurumo hadi ndege iwe juu ya kichwa chake: muda wa kumshika mtoto mkono na kutazama huku na huku, si zaidi. Ikiwa ndege imeipita sauti, kama Tu-22 ilivyoweza, hata hizo 11 hazipo. Anayedhani kwamba watu wa Bukoba walikimbia kwa woga wa kijinga na azipige hesabu hizi kwanza.

Kisa cha Kyaka kinafundisha upande wa pili. Daraja la Mto Kagera pale Kyaka, wakati ule likiwa katika Wilaya ya Bukoba, ndilo lililokuwa kivuko kikubwa cha jeshi lolote litokalo kusini. Wavamizi walitaka kulibomoa ili Watanzania wasiweze kuvuka. Ndege za Uganda zilijaribu kulipiga kwa mabomu, huku mizinga ya kutungulia ndege ikizisumbua, na daraja likabaki limesimama. Mwishowe aliletwa mtaalamu wa baruti kutoka machimbo ya Kilembe, akafunga baruti kwenye nguzo kwa mikono yake, na daraja likaanguka mapema Novemba 1978. Mtu mmoja aliyejua mahali pa kuweka baruti alifanya kazi iliyozishinda jeti. Kwa mwalimu wa Kagera, hakuna mfano bora zaidi wa tofauti kati ya ukubwa wa nguvu na mahali nguvu inapoelekezwa.

Kwa nini daraja, ambalo halikimbii, lilikosewa? Kwa nini Tu-22 yenye rada na watu watatu ilikosa matangi yaliyosimama tuli? Jibu linaanza na kuelewa kwamba bomu halianguki wima. Linapoachiwa, bado lina mwendo wa ndege iliyolibeba. Huendelea mbele huku likivutwa chini. Chukua ndege iliyo mita 2,000 juu ya shabaha, ikienda mita 250 kwa sekunde. Kwa mchapuko wa uvutano wa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, na tukiacha ukinzani wa hewa, bomu litachukua sekunde 20.2 kufika chini. Katika muda huo litakuwa limekwenda mbele mita 5,050. Maana yake ni kwamba bomu la kupiga kitu lazima liachiwe kilomita 5 kabla ya kitu hicho, wakati ambapo huenda hakionekani vizuri kwa macho.

Hapo ndipo makosa madogo hugeuka makubwa. Kidole kikichelewa sekunde 1 tu kwenye kitufe, bomu litapita shabaha kwa mita 250. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ambao mwongoza njia hakuuhesabu, na ambao umebadili mwendo wa ndege juu ya ardhi, huleta kosa la mita 200. Pua ya ndege ikielekea pembeni kwa nyuzi 1, pembe ambayo mwanafunzi hawezi hata kuichora vizuri kwa kipimapembe cha plastiki, bomu litaangukia mita 88 kando. Makosa haya hayangojani zamu. Huja pamoja, mengine yakipunguzana, mengine yakiongezana.

Kuna kosa jingine ambalo shule za kando ya Ziwa Victoria zingepaswa kulijua kuliko shule zote duniani. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Chombo cha kupimia kimo cha ndege hupima kanieneo ya hewa, na kikiwekwa kwa kipimo cha baharini husoma kimo kutoka baharini. Ndege iliyo mita 2,000 juu ya maji ya ziwa itasomeka mita 3,134. Tuseme, kwa mfano wa darasani, kwamba mtu akitumia namba hiyo bila kuondoa kimo cha ziwa. Atadhani bomu litachukua sekunde 25.3, naye ataliachia mita 6,320 kabla ya shabaha. Bomu, ambalo halisomi chombo cha mtu yeyote, litafika chini kwa sekunde zile zile 20.2, nalo litaangukia zaidi ya kilomita 1.2 kabla ya mahali lilipotakiwa. Rubani aliyefunzwa jirani na bahari na kutumwa kupigana juu ya ziwa lililo mlimani ana jambo hili la kukumbuka kila mara. Mtoto wa Kemondo au wa Katoro hukaa juu ya kimo hicho maisha yake yote, na pengine humaliza shule bila kuambiwa kwamba kina maana yoyote.

Rada nayo ina tabia zake. Mawimbi yake yakipiga maji yaliyotulia huakisiwa kwenda mbele, kama mwanga juu ya kioo kilicholala, na machache sana hurudi kwenye ndege. Ndiyo sababu ziwa huonekana jeusi kwenye kioo cha rada na nchi kavu huonekana nyeupe. Katika pwani iliyonyooka jambo hili humsaidia mwongoza njia. Lakini Mwanza ina ghuba, rasi, majabali na visiwa, na Saanane iko kiasi cha kilomita 2 tu kutoka katikati ya mji. Doa jeupe lililozungukwa na weusi ni doa jeupe tu. Rada ya miaka ile haikuandika juu yake kama ni tangi la mafuta au zizi la swala.

Msomaji asidhani kwamba hesabu hizi zinamtetea aliyetupa mabomu. Zinaonyesha tu kwamba umbali kati ya swala waliokufa na matangi yaliyopona ulikuwa umbali wa sekunde chache, na sekunde chache si ngome. Kama kidole kingewahi au kuchelewa, historia ya Aprili 1979 ingekuwa na moshi ndani yake. Haikuwa hivyo. Tarehe 1 Aprili ndege za Tanzania zilijibu kwa kushambulia Kampala, Jinja na Tororo, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Habari za Tu-22 hazikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo isiyosimuliwa. Septemba 1980 Iraki ilizitumia ndege zake za aina hii katika mashambulio ya kwanza dhidi ya Iran, mwanzo wa vita vya miaka minane. Machi 1984 Tu-22 moja ilitokea juu ya Omdurman, nchini Sudani, ikakishambulia kituo cha redio, na raia wakauawa. Tarehe 17 Februari 1986 nyingine ilisafiri mwendo mrefu kuvuka jangwa hadi N'Djamena, mji mkuu wa Chadi, siku moja baada ya ndege za Ufaransa kuupiga uwanja wa Ouadi Doum uliokuwa mikononi mwa Walibya. Safari hii shabaha ilipatikana: mabomu yaliipiga njia ya kurukia ndege na kuiharibu. Ndege ni ile ile iliyochekwa Mwanza, yenye viti vile vile vya kurusha watu chini na mkia ule ule mzito. Kilichobadilika ni kwamba njia ya ndege ni ndefu kuliko tangi, inaonekana vizuri kutoka angani, na safari hii makosa madogo hayakuongezana. Tarehe 7 Septemba 1987 waliporudia, kombora la Wafaransa liliitungua moja juu ya mji huo.

Baada ya hapo ndege hizo zilizeeka upesi. Vipuri vilikwisha, na katika miaka ya 1990 zilizobaki Urusi na Ukraine ziliondolewa kazini na kukatwakatwa.

Wapo watakaosema kwamba darasa la fizikia si mahali pa mabomu, na kwamba watoto wafundishwe miendo kwa mfano wa jiwe litupwalo au mpira upigwao. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa, kwani mwalimu anayeeleza silaha kwa shauku kubwa mno anaweza kuzalisha shauku asiyoitaka. Lakini katika Kagera mambo haya hayaletwi na mwalimu. Yako pale tayari. Wilayani Muleba, pale Kaboya, yako makaburi ya askari waliokufa katika vita ile, na mwaka 2013 Siku ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa mahali hapo. Wanafunzi hupita barabara hiyo. Wanajua kwamba watu walikufa na kwamba nchi ilishinda. Katikati ya mambo hayo mawili pana pengo, nalo hujazwa kwa hadithi za miujiza, za ndege iliyopofushwa na mizimu au za rubani aliyeogopa ziwa. Sayansi isipoingia hapo, uzushi utaingia, kwa maana pengo halikai tupu.

Zaidi ya hayo, mikoa ya mpakani ina vyuma ambavyo mtoto asiyefundishwa huviokota. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, guruneti lililookotwa na mwanafunzi aliyedhani ni chuma chakavu lililipuka shuleni na kuua watoto. Halikuwa bomu la ndege, wala kisa hicho si cha vita ya 1979, lakini elimu ambayo ingewaokoa ni moja: kwamba baruti haizeeki kwa namna chuma kinavyozeeka, na kwamba kiwashio kilichoshindwa kufanya kazi jana kinaweza kufanya kazi leo kikitikiswa. Mwanafunzi aliyepiga hesabu ya bomu hatalichukua kuwa kitu cha kuchezea wala cha kuuzia kwa mnunuzi wa vyuma.

Katika hotuba yake ya Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alitaja mambo matatu ya kumpiga mvamizi: sababu, nia na uwezo. Sababu na nia hufundishwa vema katika historia na uraia, na kila mwanafunzi huweza kuzieleza katika mtihani. Uwezo huachwa ukiwa neno tu, kana kwamba hauna vipimo. Uwezo ni sekunde, mita, lita, kipuri kilichopo ghalani, na mtu anayejua kusoma chombo kilicho mbele yake. Libya ya 1979 ilikuwa na ndege iliyoweza kutoka Bukoba hadi Mwanza, kilomita 180 juu ya maji, kwa dakika 12 bila hata kuharakisha, safari ambayo meli huitumia usiku mzima. Tanzania haikuwa na ndege kubwa ya mabomu ya namna hiyo hata moja.

Mwalimu anayetaka kuanza hahitaji maabara wala ruhusa ya mtu. Na achore duara la chokaa katikati ya uwanja wa shule. Mwanafunzi mmoja apande baiskeli na kuipitisha juu ya duara kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, akiwa ameshika jiwe dogo mkononi, mita 1.25 kutoka ardhini; wenzake wapime mwendo kwa saa na kamba. Mara ya kwanza karibu kila mtu huliachia jiwe akiwa juu ya duara, nalo huanguka mita 2.5 mbele yake. Watacheka. Waachwe wacheke, wajaribu tena, na tena. Watakapoanza kuliachia mapema bila kuambiwa, hapo daftari lifunguliwe.